Sista na Vizibo Ishirini

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mimi nililiona mara moja tu, kwenye kitambulisho cha kazi alichosahau kukivua shingoni, nikaona halimfai. Tulimwita Sista, kama wauguzi wote wanavyoitwa kwetu Kenya, naye alituita kwa majina ya watu wetu wa karatasi. Mimi nilikuwa Saro. Hata aliponikuta barabarani nimebeba ngazi na ndoo ya rangi, mbele ya wenzangu wa kazi, aliuliza, "Saro, umekula?" Wenzangu wakadhani ndilo jina langu, na kwenye kazi ile likawa.

Mtu wa karatasi ni huyu. Unachukua karatasi, unaandika jina la mtu asiyekuwepo, anachokijua, anachokiogopa, vitu alivyo navyo mfukoni. Kisha mnakaa mezani. Mmoja anausimulia ulimwengu: hapa pana mlima, hapa pana mlinda lango anayeumwa jino. Wengine mnasema watu wenu wanafanya nini. Penye shaka, kama mtu atauruka ukuta au ataanguka, namba inaamua. Hakuna mshindi, na hadithi haiishi. Ijumaa inayofuata mnaanzia pale mlipoachia. Sista alifundishwa mchezo huo na muuguzi mwenzake, Mfilipino, ambaye alipohama alimwachia kitabu cha kanuni kisicho na jalada. Alikisoma chote. Akabakiza kurasa kama kumi, nyingine akatandikia kabati.

Tulicheza Abu Hamour, mtaa wa Doha nchini Qatar, katika chumba chake, juu ya mlango. Ulikuwa mlango kweli, umeokotwa penye nyumba iliyobomolewa, tundu la kitasa bado lipo, umelazwa juu ya madumu mawili ya maji ya kunywa. Ijumaa ndiyo Jumapili ya Doha. Makanisa yote yako kwenye uwanja mmoja hapo hapo Abu Hamour, kwa hiyo Sista na Wasswa walitoka ibadani wakaja kwa miguu. Halima alikuja baadaye, watu wakishatoka msikitini na chakula kimeshaliwa, na kontena la mahamri kwenye mkoba. Wasswa alikuwa Mganda, mlinzi kwenye jengo la ofisi. Halima wa Mombasa alifanya kazi mapokezi hotelini. Mimi nilikuwa chochote kilichopatikana mwezi ule. Saa nane kamili Sista aliweka soksi mezani, na hapo tulijua tumeanza.

Soksi ile ndiyo iliyonifanya nibaki. Ilikuwa soksi nyeupe ndefu ya kazini, na ndani yake vizibo ishirini vya chupa za maji, vya buluu, vyote sawa ukivipapasa. Ndani ya kila kizibo aliandika namba kwa kalamu ya wino mzito, moja hadi ishirini. Ishirini ni mambo kukunyookea kabisa. Moja ni maafa. Unaingiza mkono, unachomoa, unageuza. Lakini kizibo kilichotoka hakirudi. Kinakaa mezani, kimegeuzwa, kila mtu anakiona, mpaka soksi iwe tupu. Ndipo vyote vinarudishwa na kutikiswa upya.

Mtu asiyefikiri ataona ni kitu kidogo. Maana yake ni kwamba moja lazima itoke. Haiwezi kusahaulika humo ndani. Ukichomoa ishirini unafurahi, lakini umewachukulia wenzako ishirini yao, na wanabaki wakitazama soksi. Kijana mmoja wa kompyuta aliyekaa nasi miezi michache alituletea dadu za kununua, za pande ishirini, zinazong'aa. Alisema kwa heshima kwamba huu wa soksi si mchezo wa bahati, ni hesabu tu, na kwamba dadu ni haki zaidi kwa sababu haikumbuki.

"Ndiyo sababu siitaki," Sista akamwambia. "Mimi nataka inayokumbuka."

Dadu zikawekwa dirishani. Zilikaa huko mpaka rangi ikafifia.

Kanuni yake ya pili: anayechomoa moja anaisimulia mwenyewe. Namba nyingine zote alisimulia yeye, na hakuruhusu mtu amwambie kilichomo katika ulimwengu wake, hata rangi ya paa. Moja ilipotoka alinyamaza, akakunja mikono, akakutazama. Wewe ndiye unasema nini kiliharibika, na vipi. Ukisema kwa mkato alikuuliza, "Halafu?" Halima, ambaye mtu wake alikuwa mganga aitwaye Bi Zaituni, aliwahi kuchomoa moja akivuka daraja. Alisimulia jinsi sanduku la dawa lilivyoteleza begani, chupa moja moja, na jinsi Bi Zaituni alivyozitaja kwa majina zikizama. Kisha Wasswa akasema, "Hata ile ya tumbo?" na Halima akamrushia kitambaa.

Wasswa ndiye aliyegundua namna ya kuitoa moja mapema, kwa jambo dogo. Soksi ilipobaki na vizibo vitatu vinne, na wote tunaona kwamba moja haijatoka, alijitolea. "Leta, Nnyabo," alimwambia Sista, kama wanavyomwita mama mwenye heshima kwao, "mtu wangu anapanda mti."

"Mti gani?"

"Wowote ulio karibu."

Akachomoa, akaanguka kutoka kwenye mti, akatusimulia alivyoanguka, tukacheka, na hatari ikawa imetoka kwa gharama ya kifundo cha mguu. Sista hakumkataza. Alimdai tu asimulie kweli, asifanye mzaha wa bure. Nilimuuliza siku moja kama huo si ujanja. Akasema, "Amechukua yeye ili usichukue wewe. Huo si ujanja, hiyo ni kazi."

Akiwa mbali na mlango ule alikuwa mtu mkavu. Hakujua kusimulia kichekesho, alianza mwishoni. Simu alizipokea kwa maneno matano. Alimwita mtoto wa Halima kwa jina lisilo lake miaka mitatu mfululizo, na Halima akaacha kumsahihisha. Lakini mke wa muuza chumvi, ambaye tulimpita mara moja katika mwezi wa pili wa hadithi, alimkumbuka jina, na kwamba alikuwa akisuka mkeka wenye kasoro upande wa kushoto. Karata hakutaka kuziona chumbani mwake. Alisema ni kamari. Nilimwonyesha soksi. Akasema, "Hapa hakuna anayeshinda," na kwa upande wake mjadala ukaishia hapo.

Mezani sauti yake ilishuka, ikapata nafasi. Hakuigiza sauti za watu kama yule kijana wa kompyuta alivyotaka. Alisema tu kitu kilichopo. "Kuna ukuta. Una unyevu kwa chini. Hapajanyesha." Na sisi, tuliokaa kwenye nchi ambayo maji yanakuja kwa lori, tuliuona unyevu ule.

Maana hadithi yenyewe ilikuwa ya mto. Kulikuwa na mji ambao mto wake uliondoka. Haukukauka, uliondoka, siku moja, na samaki wake. Watu wetu watatu walitumwa kuufuata. Halima alikuwa mganga, mimi mtafuta njia ninayejua kusoma ardhi, Wasswa fundi wa madaraja. Tulifuata mkondo mkavu Ijumaa baada ya Ijumaa. Shule niliiacha kidato cha pili, na kazi sikuwahi kudumu nayo hata mwaka. Ule mto niliufuata miaka sita.

Huwa najiuliza kwa nini michezo mingine ya aina hii, niliyokuja kuionja baadaye katika vyumba vya watu wengine, haikunishika hivyo. Ilikuwa na ramani za rangi na vinyago vya kusimamisha mezani. Ila ukiondoka mahali, mahali pale panakufa. Kwa Sista hapakufa. Kuna punda. Katika mwaka wa kwanza tulimfunga punda wetu kwenye kisima, tukaingia pangoni, tukatokea upande wa pili wa mlima, tukafurahi, tukaendelea. Hakuna aliyemkumbuka. Mwaka wa nne njia ilituzungusha ikaturudisha pale kisimani. Sista akasema, kwa sauti ile ile ya ukuta na unyevu, "Kuna kamba. Bado imefungwa. Chini yake kuna mifupa. Ardhi imechimbwa kwa kwato kuzunguka, umbali wa urefu wa kamba."

Halima alishika mdomo. Mimi nilisema, "Sista, si ungetukumbusha?"

"Mlimfunga nyinyi."

Tangu siku hiyo hatukuacha kitu kimefungwa. Hata tulipolala, Wasswa aliuliza, "Tumefungua?"

Na bado alikuwa na huruma moja, ambayo aliifanya sheria. Mtu asipokuwepo mezani, mtu wake wa karatasi haguswi. Doha watu huondoka ghafla: mkataba umekatwa, mama anaumwa, kampuni imehamisha wafanyakazi. Karatasi zao alizitia kwenye faili la plastiki, na katika hadithi walikuwa wamelala kwenye nyumba ya wageni, mlango umefungwa kwa ndani. Hakuna mtu angemchomolea mwenzake kizibo, hakuna adui angeingia mle. "Walioko mbali wana shida za kutosha," alisema.

Hapa nafika kwa Kato.

Wasswa ni jina la pacha wa kwanza, na wa pili huitwa Kato. Kato alikuwa kwao Masaka. Alifariki kwa homa ya siku chache. Wakati ule mtu hakuweza kutoka nchini bila kafili, yaani mwajiri aliyeshika kibali chake, kutia sahihi karatasi ya ruhusa. Wasswa akaambiwa asubiri wiki. Wiki ilipoisha, Kato alikuwa ameshazikwa, na karatasi haikuwa na maana tena. Ijumaa ile alikuja na sare ya kazi. Akakaa, akaitoa karatasi ya mtu wake wa madaraja, akasema, "Nnyabo, nataka kubadilisha jina la huyu. Aitwe Kato."

Sista aliifuta kwa raba jina la zamani, akaandika jipya kwa herufi zake za wodini. Kabla hajamrudishia alisema, "Jina nitampa. Ulinzi siwezi kumpa. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Soksi haitajua ni nani."

"Isijue," Wasswa akasema. "Atembee tu na sisi."

Alitembea na sisi mwaka na nusu. Alijenga madaraja matatu. Wasswa aliacha kupanda miti. Moja tulianza kuichukua sisi, mimi na Halima, kwa zamu, bila kuambizana.

Siku yenyewe tulikuwa tumefika kwenye shimo. Mkondo mkavu uliishia hapo, kwenye mdomo mpana wa jiwe, na chini hapakuonekana. Mimi ndiye niliyesema tushuke siku ile ile. Halima alitaka turudi kwanza mjini kutafuta kamba ya pili. Nilisema moja inatosha. Nilikuwa na haraka, kama nilivyo siku zote nikikaribia kitu. Na katika haraka hiyo sikuvihesabu vizibo vilivyokuwa mezani.

Kato akafungwa kamba. Saro, mtu wangu, akaishika juu. Wasswa akaingiza mkono kwenye soksi kwa ajili ya hatua za kwanza, akatoa kumi na nne. Sista akasema Kato anashuka vizuri, miguu imekanyaga ukuta, sauti yake inazidi kuwa ndogo. Kisha akasema kamba imenasa kwenye ncha ya jiwe, na nyuzi zimeanza kuachana.

"Saro," akasema, "unafanya nini?"

"Ninamvuta."

"Chomoa."

Ndipo wote tukatazama mezani. Vizibo kumi na tisa vilikuwa vimelala, vimegeuzwa. Haikuwepo moja.

"Ngoja," nikasema. "Napanda mti kwanza."

"Mikono yako iko kwenye kamba."

Halima akasema, "Basi Bi Zaituni apande."

"Bi Zaituni yuko nusu saa nyuma. Mlimwacha na mizigo." Sista hakuwa mkali. Alitazama saa ya ukutani. Basi la hoteli la Halima lilikuwa karibu kufika. Akaifunga soksi fundo. "Tuishie hapa. Ijumaa ijayo."

Wasswa alikunja karatasi yake mara mbili, akaniaga kwa mkono, kama kawaida.

Sikurudi. Sikusafiri, nilihamia Muaither, mwendo wa dakika ishirini kwa gari, nikapata kazi ya kuendesha pikapu ya kusambaza maji, nikabadilisha namba ya simu. Sikuogopa kizibo. Kizibo nilikijua. Niliogopa kukaa mbele ya Wasswa na kumsimulia, kwa mdomo wangu, jinsi Kato alivyokufa mara ya pili, na Sista amekunja mikono akiniuliza, "Halafu?" Nikajiambia nimefanya wema. Asiyekuwepo haguswi; mradi mimi sipo, Kato hajaanguka.

Mwaka uliofuata nilikutana na Sista kwenye foleni ya duka, Abu Hamour. Alikuwa na mkate na dawa ya meno. Nilitamani sakafu inimeze.

"Saro. Lile jino lililokuwa likikuuma?"

"Nililing'oa."

"Vizuri." Akalipa, akachukua mfuko wake. "Soksi iko palepale," akasema, akatoka.

Miaka saba ikapita hivyo. Niliondoka Qatar, nikazunguka, nikarudi kwa mwajiri mwingine. Halima ndiye aliyeniona, nikishusha vifaa nyuma ya hoteli yake. Alikuwa ameshakuwa msimamizi. Hakunilaumu. Alisema mkataba wa Sista haukurefushwa kwa sababu ya umri, anaondoka Jumanne, sasa anakaa Al Wukair. "Ijumaa nitakuwepo saa nane," akasema. "Wewe fanya unavyojua."

Nilifika saa nane kasoro. Chumba kilikuwa na masanduku mawili na mlango ule ule juu ya madumu. Sista alikuwa amepungua, nywele zimekuwa nyeupe pembeni, miwani mipya. Aliniangalia kwa muda, kama anavyoangalia mgonjwa aliyejitoa mwenyewe wodini.

"Umekula?"

"Nimekula, Sista."

Halima alikuwa amepanga mahamri. Sista alileta daftari lake, faili la plastiki, na soksi mbili. Moja ni ile waliyoendelea kuchezea na wengine, katika pande nyingine za ulimwengu ule, miaka yote hiyo. Hawakupita kwenye shimo hata siku moja, Halima aliniambia. Ya pili ilikuwa na fundo lililogeuka manjano, na vizibo kumi na tisa kwenye mfuko wa nailoni uliofungiwa hapo hapo. Akavipanga mezani, vimegeuzwa.

"Unaweza kuvirudisha vyote tukatikisa upya," nikasema. "Nani atajua?"

"Kila Ijumaa ningeweza." Alikuwa akipambana na fundo kwa kucha. "Wasswa amekuwa akipiga simu kila mwaka mpya tangu arudi kwao Masaka. Anauliza, amekuja? Namwambia bado. Hajakasirika. Anauliza tu."

"Nilidhani namsaidia."

Alinyanyua macho. "Unamkumbuka punda?"

Nilimkumbuka. Nilikumbuka ardhi iliyochimbwa kwa kwato, umbali wa urefu wa kamba.

Halima alipiga simu, akaiweka katikati ya mlango, sauti nje. Ilipokelewa kwenye kelele za kuku.

"Wasswa, yuko hapa," Sista akasema.

Kelele zikapungua, alikuwa anatembea kwenda mahali pa kimya. "Mkenya," akasema. "Unaendelea kula mahamri ya watu?"

"Ndugu yangu," nikasema.

"Chomoa basi. Nimeacha shamba."

Niliingiza mkono. Kizibo kimoja kwenye soksi ndefu unakitafuta mpaka nchani. Nikakitoa, nikakigeuza, nikakiweka pamoja na vingine, ingawa hakuna aliyehitaji kuangalia. "Moja," nikasema.

Sista akakunja mikono.

Nilianza na kamba. Nilisema ilikatika pale iliposuguliwa na jiwe, si mikononi mwangu. Nilisema nilisikia uzito ukiondoka.

"Ulikuwa umeishika?" Wasswa akauliza.

"Nilikuwa nimeishika."

"Mikono miwili?"

"Miwili. Ngozi ilitoka."

Kuku mmoja akasikika kwa mbali. "Halafu?" Wasswa akauliza, na halikuwa swali la Sista tena, lilikuwa lake. "Alisema kitu?"

Hilo sikuwa nimelifikiria katika miaka saba yote. Nilimtazama Sista, kwa sababu nilichotaka kusema kilikuwa cha ulimwengu wake, si changu, na hakuwahi kumruhusu mtu aseme hata rangi ya paa. Hakutikisa kichwa, wala hakunizuia.

"Alisema neno moja akienda," nikasema. "Lilipanda juu baadaye, yeye ameshafika. Alisema, maji."

Halima aligeukia ukutani.

"Kumbe yuko mtoni," Wasswa akasema.

"Yuko mtoni."

"Sawa. Nnyabo, andika."

Sista alikuwa ameshafungua daftari. Aliandika polepole, kwa herufi zake za wodini, akapiga mstari chini yake, akaweka kalamu.

"Nimeandika," akasema.